Uzoefu wangu na maktaba ya chuo: nusu siku kutafuta kitabu kimoja

Wiki kadhaa zimepita na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Kama ndiyo kwanza unaanza chuo na hujawahi kuazima kitabu kwenye maktaba kubwa, soma hadi mwisho. Sitaki yakukute yaliyonikuta.

Ukubwa wa jengo, idadi ya viti na saa za kufungua siandiki, hayo yamebandikwa mlangoni. Nina habari ya kitabu kimoja na mtu mmoja wa kaunta.

Mwanzoni mwa muhula mhadhiri wa takwimu alitupa asaimenti, akatutajia kitabu cha takwimu kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa afya. Nikawahi maktaba asubuhi. Kwenye kompyuta ya katalogi nikaandika jina la mwandishi, kitabu kikatokea: nakala moja, ipo rafuni. Pembeni yake kulikuwa na namba 519.502461 na herufi tatu za jina la mwandishi. Nikainakili kwenye kikaratasi, nikapanda juu nikijua baada ya dakika kumi nitakuwa nimekaa nasoma.

Nilianzia 610, kwenye vitabu vya tiba. Niliona ni lazima kitabu cha watu wa afya kikae na wenzake wa afya. Hakikuwepo. Nikahamia 519, nikaanza kufuata migongo ya vitabu kwa kidole. Vile vya 519.5 tupu vilikuwa vingi, nikaviruka. Nikapita 519.53, nikapita 519.536, 519.54, 519.55. Yangu ilikuwa na laki tano na ushee baada ya nukta, kwa hiyo niliendelea mbele nikitegemea kwamba inakuja. Ikaja 519.6. Ikaja 519.7. Nikarudi mwanzo, nikaanza upya. Nilipiga magoti kukagua rafu za chini, nikachungulia nyuma ya vitabu labda kimeangukia huko, nikapekua hata vilivyoachwa mezani. Mpaka mchana, sina kitu.

Nikashuka kaunta. Alikuwepo kaka mmoja anachezea simu.

"Samahani kaka, kuna kitabu katalogi inasema kipo, lakini rafuni sikioni."

"Kama inasema kipo, kipo."

Nikamwambia nimekitafuta tangu asubuhi. Akachukua kikaratasi changu, akakitazama, akakisukuma kikarudi upande wangu wa meza. "Umefika chuo kikuu hujui kupanga namba? Rudi ukatafute." Alisema kwa sauti. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walisikia, na wawili wakacheka.

Sikumwomba anibebee kitabu aniletee. Niliuliza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Wiki ya kupokea wanafunzi wapya tulipitishwa humo kundi zima kama tunaofukuzwa. Tukaonyeshwa pa kuacha mabegi, tukaonyeshwa vyoo, tukaambiwa tusiongee kwa sauti na tusiingie na chakula. Hayo ndiyo yaliyoitwa mafunzo ya kutumia maktaba! Kuhusu namba hakuna aliyefungua mdomo. Sasa mtu ambaye kazi yake ni hiyo anamwuliza mgeni kwa dharau kwa nini hajui. S. R. Ranganathan, mkutubi mkubwa wa India, alichapisha kanuni tano za kazi ya maktaba mwaka 1931, na ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Nimeijua juzi juzi tu, na tangu hapo kila nikiikumbuka namwona yule kaka na simu yake.

Ningeandika siku ile, ningetoa nyota moja, na hiyo moja kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Nilipanda kuchukua daftari langu niondoke. Nikiwa nafunga begi, akapita mama mmoja wa makamo akisukuma toroli la vitabu vilivyorudishwa. Akasimama. Nadhani uso wangu ulisema kila kitu.

"Mwanangu, unatafuta nini?"

Nikampa kikaratasi. Hakwenda kunichukulia kitabu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliniuliza swali: "Kati ya nukta tano na nukta mbili tano, kubwa ipi?"

Nikasema nukta tano.

"Na hiyo nyingine mbona ina tarakimu nyingi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaelewa.

Namba iliyo kabla ya nukta unaisoma nzima, kama namba yoyote. Ukivuka nukta, unalinganisha tarakimu moja moja kuanzia kushoto, na wingi wake hauna maana. 519.502461 ina sifuri nafasi ya pili baada ya nukta, 519.53 ina tatu pale pale, basi yenye sifuri inatangulia. Kitabu changu kilikuwa mwishoni mwa vile vya 519.5, mahali nilipoparuka asubuhi ile ile. Nilinyoosha mkono tu.

Mama yule akaegemea toroli lake akanisomea ile namba kama anayesoma sentensi. Tano ni sayansi, 51 hisabati, 519.5 takwimu. Halafu 024 maana yake somo limeandikwa kwa ajili ya watu wa kazi fulani, na 61 inakutajia kazi yenyewe, ni ile ile ya 610, tiba. Takwimu, kwa watu wa tiba! Yaani kitabu kilikuwa kinanieleza muda wote kwa nini hakikai na vitabu vya afya. Mpango huu ni wa Mmarekani Melvil Dewey, aliutoa mwaka 1876, na uzuri wa desimali ni kwamba kati ya namba mbili daima kuna nafasi ya kuingiza nyingine, kwa hiyo maarifa mapya yanapata pa kukaa bila kuhamisha ya zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba namba ya kitabu inaweza kunifurahisha. Ilinifurahisha kweli. Nilizunguka rafu jioni ile nikisoma migongo tu.

Akaniongezea mengine. Ukishapata kitabu chako, tazama vya kushoto na kulia kwake, mara nyingi hapo ndipo utakutana na kile ulichokihitaji bila kujua. Ukimaliza kusoma usikirudishe rafuni mwenyewe, kiache mezani, kwa sababu kitabu kilichopangwa pasipo mahali pake ni sawa na kilichopotea. Kwenye katalogi usiandike swali zima, andika maneno mawili matatu yenye uzito, kisha ukipata kitabu kimoja kizuri bonyeza mada iliyoandikwa chini yake ikuletee ndugu zake. Nina rafiki ambaye chuo chake kinatumia utaratibu wa maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi, QA kwa hisabati, R kwa tiba. Nimemwambia mtego ni ule ule: .C153 inatangulia .C2.

Kwa hiyo kesho yake nilikuwa tayari kutoa nyota tano. Nikaanza hata kuandika.

Halafu nikakumbuka kwamba yule mama hakupangiwa kutusaidia. Kazi yake ni kurudisha vitabu rafuni. Alinipa robo saa ya muda wake kwa moyo wake tu, na angepita dakika tano baadaye mimi ningekuwa nimeshatoka nje na nisingerudi. Wangapi wametoka? Na anayelipwa kukaa pale kaunta yuko na simu. Hata jambo la majarida ya mtandaoni niliambiwa na mwanafunzi mwenzangu, kwamba makala inayokudai hela ukiwa nyumbani inafunguka bure ukiingia kupitia ukurasa wa maktaba kwa akaunti yako ya uanafunzi, kwa kuwa chuo kimeshalipia. Chuo kimelipa, mwanafunzi hajui, anaandika asaimenti kwa kuokoteza vipande vya intaneti. Hili linaniuma kuliko hata yale maneno ya kaunta.

Vitabu vipo, tena vizuri. Katalogi haikunidanganya hata mara moja. Kukaa na kusoma pale ni raha, na siku hizi nakwenda karibu kila siku. Lakini sitaki kujifanya nimesamehe.

Niliandika pendekezo nikalitia kwenye kisanduku cha maoni: ibandikwe karatasi moja mwanzo wa kila safu, mistari minne, ikionyesha kwa mfano namba ipi inatangulia ipi. Haihitaji bajeti. Mpaka leo haijabandikwa.

Natoa nyota tatu, na zote ni za mama wa toroli. Karatasi ikibandikwa nitarudi kubadilisha.