Kioo cha laptop iliyokufa: ununue bodi ipi ukiwa Arusha

Laptop ikifa kioo kikabaki kizima, usikitupe. Kikipata bodi ya kukiendesha kinaonyesha king'amuzi, kamera za ulinzi au kompyuta nyingine. Ila usitoe hela kabla hujafungua fremu na kusoma namba yote iliyo mgongoni mwa kioo, mfano inayoanza na LP156WH4 au B156XTN. Namba hiyo ndiyo inayochagua bodi. Itafute mtandaoni ujue kioo ni LVDS au eDP, yaani njia mbili tofauti za kupeleka picha kwenye kioo. Vioo vya LED vya pini 40 vya miaka ya 2010 mwanzoni mara nyingi ni LVDS, vya pini 30 vilivyofuata ni eDP, lakini usihukumu kwa pini peke yake.

Namba moja kwangu ni bodi iliyoandaliwa kwa kioo chako: yenye chipu ya RTD2556 kwa eDP, yenye NT68676 kwa LVDS. Unamtajia muuzaji namba ya kioo, anaiwekea programu yake na waya wake. Usipoipata mjini, agiza Kariakoo, mzigo upande basi. Afadhali usubiri.

Ya pili ni V59, bodi ya TV ya kufunga kioo chochote, ila kwa vioo vya LVDS tu. Mafundi TV wanaijua kwa sababu huifunga kwenye TV zilizoungua bodi. Ina HDMI, VGA, antena na sehemu ya spika, na programu yake huingizwa kwa flashi. Hapa kuwa mkali: ina jampa (kifuniko kidogo unachohamisha kwenye pini) ya kuchagua volti za kioo, 3.3, 5 au 12. Kioo cha laptop cha LED hutaka 3.3. Fundi apime kwa mita kabla ya kuchomeka waya wa kioo. Ikikaa kwenye 12, kioo kimekwenda. Bodi yenyewe inakula volti 12, kwa hiyo wa sola huko Ngaramtoni wanaweza kuitumia, mradi waweke regyuleta ya kushikilia volti 12, maana betri ikichajiwa hupita volti 14.

Ya tatu, monita ya mtumba. Ukijumlisha bodi, adapta na fremu ya seremala ukakuta bei zinakaribiana, chukua monita, hasa kama kioo chako ni cha nukta 1366 kwa 768 tu.

Ya mwisho, na usiinunue kabisa, ni ule waya mtupu wa VGA kwenda LVDS. Hauna chipu ya kubadilisha mawimbi, hautaonyesha kitu. Hata tundu la HDMI la laptop yako halisaidii: linatoa picha, halipokei.