FetHead na SM58 chumbani Makindye: uzoefu wangu na priampu ya bei nafuu

Jibu kwanza alafu maelezo. Kama unarekodi sauti nyumbani, maiki yako ni dainamiki (aina isiyohitaji umeme kufanya kazi), na unaishi mahali umeme hauna uhakika kama huku kwetu Kampala, nunua busta ndogo ya kuchomeka kwenye kebo kabla hujawaza priampu ya boksi. Priampu ni mashine ya kukuza sauti dhaifu ya maiki, na busta ni priampu ndogo ya kuongezea. Mimi natumia FetHead ya Triton Audio, kampuni ya Uholanzi, nimeitumia kwa kwaya za Wakongo, kwa kaswida, kwa matangazo ya redio ya Kiswahili, na naipenda kweli.

Chumba changu kiko Makindye, juu ni mabati, nje ni boda mchana na usiku, na mvua ikianza basi kazi imesimama. Ndo maana sitaki kondensa, yaani maiki inayohitaji umeme, humu ndani. Kondensa ni nzuri lakini inasikia kila kitu, mpaka mtoto wa jirani akilia inamchukua. SM58 ya Shure, maiki iliyotoka tangu 1966, unaiweka karibu na mdomo na vitu vya nyuma vinabaki nyuma. Shida yake ni moja tu, inatoa umeme kidogo sana. Kwa sauti ya nguvu ileile kondensa kama Rode NT1-A inatoa milivolti 25 hivi, SM58 haifiki hata 2. Hiyo tofauti lazima mtu aijaze, na anayeijaza ni priampu.

Saundi kadi niliyokuwa nayo, yaani kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye laptop, ni ya bei ya chini kabisa, siitaji jina. Ukizungusha gaini, yaani kiasi cha kukuza sauti, mpaka nusu iko safi, ukisogea karibu na mwisho inaanza ile shhh, na mtu anayeimba taratibu huna namna, lazima ufike huko mwisho. Kuna mama mmoja wa kwaya anaimba tenzi kwa sauti ya chini sana, sauti nzuri ajabu, tukamchezea alichorekodi na kila akivuta pumzi kati ya mstari na mstari unasikia ile noizi inajaa chumba. Akaniuliza, "Mwanangu, mvua imeanza?" Nikamwambia, "Hapana Mama, ni mashine, tutaitengeneza." Nje jua lilikuwa kali.

Sasa, kabla ya kununua chochote nilikaa nikasoma namba, na hapa ndo watu wengi wanapotezwa na maneno ya dukani. Ziko namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni gaini ngapi mashine yako inatoa. Shure wenyewe wanasema SM7B, maiki yao nyingine inayotoa umeme kidogo zaidi kuliko 58, inataka angalau desibeli 60 za gaini safi. Saundi kadi ya Scarlett Solo ya kizazi cha 3 inatoa 56, Scarlett 2i2 ya kizazi cha 4 inatoa 69. Kwa hiyo mwenye hiyo 2i2 mpya hana haja ya busta hata kidogo, hela yake anunue kebo nzuri na standi. Namba ya pili ni EIN, yaani noizi ya priampu yenyewe. Scarlett ya kizazi cha 3 wanaandika -128 dBu (namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, noizi ni ndogo zaidi). Maiki ya ohm 150, hata bila mtu kuimba, inatoa noizi ya karibu -131 dBu kwa sababu ya joto tu, hakuna fundi duniani atakayeiondoa. Yaani mashine ya kawaida ya leo imebakiza desibeli 3 hivi kugusa mwisho wa inavyowezekana, kwa hiyo anayekuambia ukilipa mara kumi noizi itapungua mara kumi, usimsikilize. Mashine zinazohitaji msaada ni zile za chini kabisa kama yangu, au zile ambazo gaini yake inaisha kabla kazi haijaisha.

Rafiki yangu wa Nsambya aliniazima ART Tube MP nijaribu, hiyo ni priampu ya boksi yenye taa ya 12AX7 ndani (taa ya kizamani ya kukuza sauti, sio ya kuangaza) na inafika desibeli 70. Sauti yake ina utamu, siwezi kuikataa, ukiisukuma kidogo sauti ya mwanaume mzito inapata kama unene fulani hivi, na kwa bei yake ni kitu cha heshima. Lakini angalia umeme wake. Inakula adapta ya nje ya volti 9 za AC, sio DC, kwa hiyo adapta ya ruta au ya redio uliyonayo nyumbani haifanyi kazi hata kama imeandikwa 9V. Na kama umeagizia Marekani adapta inakuja ya volti 120, ukiichomeka kwenye 240 ya huku inaungua hapohapo. Uliza toleo la volti 230 kabla ya kulipa. Alafu jambo lingine, ukiwa na boksi hilo lazima uliingize kwenye laini ya saundi kadi, usiliingize kwenye tundu la maiki, la sivyo unakuza sauti mara mbili na noizi nayo inakuzwa mara mbili.

Na Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha au umeme ukikatika boksi limezima. Kwangu hiyo ndo ilimaliza mjadala. FetHead haina adapta, inakula fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaopita kwenye kebo ya maiki kutoka kwenye saundi kadi, saundi kadi inakula USB ya laptop, laptop ina betri. Giza likiingia mtaa mzima kimya mimi naendelea kurekodi, na kusema ukweli ndo wakati mzuri zaidi manake baa ya jirani imezima muziki na chaja ya laptop imechomolewa, ule mvumo wa chini unaotoka kwenye umeme nao unapotea. Rekodi zangu nzuri nyingi nimezifanya umeme ukiwa haupo.

Kuhusu sauti yenyewe, inaongeza mpaka desibeli 27 na haileti rangi yoyote, maiki inabaki ilivyo ila na nguvu. Gaini ya saundi kadi nimeirudisha katikati, mahali ambapo iko safi, narekodi kwa biti 24 vilele vya sauti vikigusa desibeli -10 hivi, inatosha kabisa, hakuna sababu ya kusukuma mpaka taa nyekundu. Yule mama tulimrekodi tena, pumzi zake zinasikika kama pumzi za mtu.

Mambo ya kuangalia. FetHead ya kawaida haipitishi fantomu kwenda kwenye maiki, kwa hiyo kondensa haitawaka, kwa kondensa wana toleo lingine linaitwa FetHead Phantom. Ni bomba la chuma, ukiichomeka moja kwa moja kwenye maiki ya kushika mkononi inakuwa ndefu na muimbaji anaisikia, mimi naweka kwenye standi, au ukitaka unaichomeka upande wa saundi kadi, ila kebo ikiwa ndefu sana ni heri ikae kwenye maiki. Na isogelee maiki kwanza! Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki unapata kama desibeli 6 bure, na busta yoyote ile haitakupa hizo bure.

Bei yake kwa nje ilikuwa chini ya dola 100, ila usisahau VAT ya 18% ukiingiza nchini pamoja na usafiri, piga hesabu yote kabla hujamwambia mtu akuletee. Na SM58 ukinunua mjini shika mkononi kwanza, feki ziko nyingi. Halisi ina gramu 298, mimi yangu niliomba mwenye duka la sukari aipime kwenye mizani yake. Ikiwa nyepesi sana irudishe, manake maiki feki ukiiwekea priampu yoyote unakuza ufeki wake tu.

Mwenye saundi kadi ya desibeli 60 kwenda juu, au anayeimba kwa nguvu kama wale vijana wa kaswida, abaki na alichonacho. Nilijaribu kwao nikiwa na FetHead na bila FetHead, sikusikia tofauti ya maana.