Circe ya kusikiliza: mchawi amepewa sababu zake

Nimemaliza kusikiliza Circe ya Madeline Miller, ile riwaya ya 2018, na bado iko kichwani. Kama unapenda visa vya kale vya Kigiriki ila umechoka kuona wanawake wamegawanywa mafungu mawili tu, yule anayewapotosha wanaume na yule anayekaa nyumbani kusubiri, hii chukua.

Kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki aliyetunga Odyssey, Circe anawatilia mabaharia dawa kwenye chakula, anawageuza nguruwe, basi, kwa nini hatuambiwi. Miller ameing'ang'ania hiyo kwa nini. Humu uchawi ni kazi kabisa, Circe, binti wa mungu jua Helios, anafukuzwa kwao anatupwa kisiwa cha Aiaia peke yake, anachuma majani, anachemsha, yanaharibika, anaanza upya, hadi mikono inazoea. Alafu hao nguruwe sasa, anawafungulia mlango mabaharia wenye njaa, anawalisha vizuri tu, wakishagundua hakuna mwanaume humo ndani wanamgeukia. Hapo ni pazito jamani, kuna kubakwa, kama yamekugusa jiandae. Mimi baada ya hapo siwezi tena kumwita mwenye hila.

Kilichonikosha zaidi ni Penelope. Siku zote tunaoneshwa mke mwaminifu wa shujaa Odysseus, anafuma sanda mchana anafumua usiku ili kuwazuga wachumba. Humu anafika Aiaia na mwanae Telemachus, anaukalia ule mtambo wa kufumia ambao Circe alipewa na fundi Daedalus, na hawa wawili ambao mwandishi mwingine angewagombanisha kwa ajili ya Odysseus wanapimana taratibu, wanaongea, kila mmoja anamlinda mtoto wake. Penelope ana akili mpaka anaogopesha, nimempenda sana.

Katikati panaburuta, wageni maarufu wanapita mmoja mmoja, Hermes mjumbe wa miungu, shujaa Jason na mchawi Medea, kila mtu anasema lake anaondoka. Na mabinti wa jumba la Helios karibu wote wamebaki wambea tu, hilo limeniuma kwa sababu kitabu chenyewe kinapigania mwanamke asiwe picha moja.

Msomaji ni Perdita Weeks, sauti tulivu, na pale Telegonus, mtoto wa Circe, akiwa mchanga analia tu na mama hapati usingizi kwa kumhofia mungu wa kike Athena, unausikia ule uchovu. Si lazima uwe umemsoma Homer ila kitabu cha 10 cha Odyssey kipitie kwanza, utafaidi zaidi. Nyota 4 kati ya 5.