Cash au Bowie: mzee wa gitaa afuate njia ipi?

Arusha kuna wazee wa muziki wa dansi ambao bado wanatamani kutoa albamu moja ya mwisho. Njia mbili za kupima ni hizi.

Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, alipunguza. Mwaka 1994, akiwa na miaka 62, alitoa albamu aliyorekodi na Rick Rubin, mtayarishaji aliyejulikana kwa rap na roki nzito. Sauti na gitaa basi, nyimbo kadhaa zikirekodiwa sebuleni kwa Rubin. Ule mkwaruzo wa uzee haukufichwa. Ndio uliowavuta vijana, na ndio unaonigusa mpaka leo.

David Bowie, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, aliongeza. Albamu ya Blackstar aliipiga na wanamuziki wa jazi wa New York, akiwemo mpiga saksafoni Donny McCaslin, huku akificha saratani. Ilitoka 8 Januari 2016, alipotimiza miaka 69. Siku mbili baadaye akafariki. Ujasiri mkubwa, ila unadai bendi kali na fedha.

Kwa mzee wa Kaloleni au Ngarenaro nachagua ya Cash: gitaa, maikrofoni nzuri, chumba kimya. Mtayarishaji awe kijana mwenye adabu lakini asiyeogopa kusema, "Mzee wangu, turudie ubeti huo."