TAHADHARI: Triga za flashi zinazouzwa kwa "video ya testi" Mbeya, Tukuyu, Makambako na Iringa

Wakuu, habari za kazi. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya wapiga picha wa huku Nyanda za Juu Kusini, anauza triga za kuwashia flashi ikiwa mbali na kamera. Tangazo lake linasema ni Godox X2T (triga ya kisasa ya kampuni ya Godox) mpya, ipo ndani ya boksi, bei imeshushwa mno, lipa pesa yote kwanza ndipo mzigo upandishwe basi. Kinachofika sicho. Unapokea triga ndogo ya kizamani ya chaneli 4 iliyobandikwa stika, pamoja na risiva yake, yaani kifaa cha kupokea amri upande wa flashi. Wenye Canon za bei nafuu, ambao ndio wengi wetu, wanaumia zaidi, maana kwenye baadhi ya kamera hizo triga hiyo haitawasha flashi hata siku moja.

Ukimuuliza kama inafanya kazi, anakutumia video. Anabonyeza kitufe cha testi kwenye triga, flashi iliyo upande wa pili wa chumba inawaka. Watu wanaridhika, wanalipa. Sasa itazame hiyo video vizuri: hakuna kamera ndani yake. Kitufe cha testi kinaonyesha kwamba triga na risiva zinasikilizana, basi. Hakisemi chochote kuhusu kamera yako kuiamrisha hiyo triga unapobonyeza shata, na hicho ndicho unachokilipia.

Pale juu ya kamera unapochomeka flashi, kamera nyingi zina nukta ya chuma katikati. Triga za bei ya chini zinategemea nukta hiyo tu: shata ikifunguka, kamera inaunganisha mkondo hapo, triga inarusha amri. Canon EOS 4000D ya mwaka 2018 na 250D ya mwaka 2019 hazina hiyo nukta, na 2000D nyingi pia hazina. Canon waliiondoa wakabakiza zile nukta ndogo za pembeni ambazo flashi zao wenyewe huzitumia kuwasiliana na kamera. Kwa hiyo chukua triga yoyote ya nukta moja, iwe feki au halali, ichomeke kwenye 4000D: kimya. X2T halisi ya Canon inazielewa kamera hizi kwa sababu inawasiliana kupitia nukta za pembeni. Ndiyo maana watu wanaitafuta, na ndiyo maana huyu muuzaji akachagua jina hilo.

Kinachonikera zaidi ni majibu yake ukimpigia kulalamika. Anasema kamera yako ndiyo mbovu, ipeleke kwa fundi. Vijana wawili wameniletea kamera zao wakiwa wameshaambiwa hivyo, mmoja tayari fundi ameifungua kutafuta ubovu usiokuwepo. Kamera imenunuliwa kwa pesa ya mkopo, mwenyewe ana kitchen party Jumamosi, halafu inarudi ikiwa na skrubu pungufu. Kama kamera yako haina nukta ya katikati na triga hii haiwashi flashi, hiyo si dalili ya ubovu wa kamera. Usiruhusu mtu aifungue.

Kuitambua hiyo anayouza si kazi. X2T ina kioo cha kuonyesha namba, vitufe vya makundi ya flashi, sehemu ya kuchomeka flashi nyingine juu yake, na inatumia betri mbili za AA. Inarusha kwa masafa ya 2.4 GHz na ina chaneli 32. Hii yake haina kioo, ina swichi ndogo za kuchagua chaneli, inakula kibetri kimoja kifupi cha volti 12 kama cha rimoti ya geti, na masafa yake ni 433 MHz. Banua stika taratibu, maandishi ya awali mara nyingi yapo chini yake.

Hayo masafa nayo yana mtego wake. Huyo huyo anauza flashi akisema ni TT600, flashi ya Godox. TT600 ina risiva ya 2.4 GHz ndani yake, kwa hiyo X2T inaiwasha bila kuongeza kifaa kingine. Wengine wamepewa TT560, ambayo haina risiva ya redio kabisa, au TT560II, ambayo risiva yake ni ya 433 MHz. Ukija kununua X2T halali baadaye, hizo mbili hazitaisikia. Soma jina lililochapwa kwenye mwili wa flashi yenyewe, boksi linaweza kubadilishwa.

Wenye Nikon au Canon zenye nukta ya katikati, triga yake inaweza kuwaka kwenu. Msishangilie mapema. Tangazo linaahidi spidi ya shata ya 1/2000 ya sekunde juani, na triga ya aina hii haiwezi. Ukivuka spidi ambayo kamera inaruhusu kwa flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250, pazia la shata linakuwa limeshaanza kufunika sensa na unapata mkanda mweusi kwenye picha. Bibi harusi anakatwa miguu na giza. Baadhi ya hizi triga zinachelewa kidogo, hata kwenye 1/200 mkanda unaanza kuonekana, inabidi ushuke 1/160 au 1/125.

Simkatazi mtu kununua triga za bei ndogo. Zipo zinazouzwa kwa jina lake halisi na zinafanya kazi nzuri ukiwa na kamera inayoendana nazo. Ninachoomba ni hiki: usilipe kwa sababu tu umeona video. Kutana na muuzaji mahali pa wazi, kama Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya, mchana, ukiwa na kamera yako na flashi yako. Chomeka, weka shata 1/200, piga picha halisi ya ukuta, itazame kwenye kioo cha kamera. Kisha mpe mtu flashi asogee hatua ishirini, piga tena mara kadhaa mfululizo. Kama muuzaji hataki kukutana au anataka pesa kabla hujaona, muache. Ukiwa Tukuyu au Mafinga na huwezi kusafiri, mtume mpiga picha unayemfahamu wa Mbeya au Iringa mjini, ila abebe kamera ya aina kama yako.

Na kama msimu wa harusi umekukuta huna pesa ya X2T, bado ipo njia. Flashi nyingi, hata hiyo TT560, zina mipangilio ya S1 na S2: zinawaka zikiona mwanga wa flashi nyingine. Inua flashi ndogo ya kamera yako, punguza nguvu yake, weka flashi ya mbali kwenye S2 ili isidanganywe na mwako wa kwanza ambao kamera hutumia kupima. Zima pia kipengele cha kuondoa macho mekundu. Ndani ya ukumbi inafanya kazi vizuri. Nje kwenye jua kali itakuangusha, na kukiwa na mpiga picha mwingine anayetumia flashi, yako itawaka naye pia na kumaliza betri.

Waliokwisha tuma pesa: msifute meseji. Hifadhi tangazo, namba iliyopokea pesa, muamala na risiti ya basi, nendeni kituo cha polisi mchukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako). Ujumbe wake na namba yake vitumeni pia TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040. Anabadilisha jina la ukurasa kila watu wakimstukia, kwa hiyo kabla ya kumlipa yeyote anayetangaza X2T ya bei ya kutupa, mwombe video ya triga ikiwa juu ya 4000D, shata inabonyezwa na flashi inawaka. Hiyo hajawahi kumtumia mtu.