Kitabu cha Kilatini kwa mtoto anayesomea nyumbani: angalia vistari kwanza

Mama mmoja wa Kigoma ameniandikia akiwa amechukia. Aliagiza seti nzima ya Kilatini kutoka Dar kwa ajili ya binti yake wa miaka 11, anayemsomesha mwenyewe nyumbani. Mtoto kajituma, kamaliza sura nne. Babu yake, aliyetumikia altareni enzi misa ikiwa bado ya Kilatini, akamwambia asome kidogo. Binti akasoma domínus, mkazo kwenye mi. Mzee akasema dóminus, mkazo kwenye do, akarudia tena, akacheka, na kitabu kikafungwa. Swali la mama kwangu lilikuwa fupi: nimepigwa?

Ndiyo dada, umepigwa, fotokopi uliyouziwa imepoteza vistari, na hauko peke yako. Wawili wa hapa Tabora wamenilalamikia habari hiyohiyo kabla yako. Kwa hiyo leo sitaongelea picha, rangi, uzito wa karatasi, wala ule umri wanaoandika nyuma ya jalada. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe bila kuombwa. Nataka tuongelee vistari, vile vialama vinavyolazwa juu ya irabu.

Mtoto wa Kiswahili akikutana na neno lolote, anakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, yaani anaiwekea mkazo. Kitabu, tunasoma, hatukuwaambia: yote hivyohivyo, hakuna anayetufundisha. Kilatini kina utaratibu wake. Neno la silabi mbili hukanyagwa ya kwanza, halina shida. Lenye silabi tatu au zaidi, unaitazama ile ya pili kutoka mwisho. Kama irabu yake ni ndefu, au inafuatwa na konsonanti mbili, kanyaga hapo: amīcus. Kama ni fupi, unarudi nyuma hatua moja: dominus, populus, spiritu. Sasa mtoto atajuaje irabu ni ndefu? Kwa kile kistari kidogo kinacholazwa juu yake: ā, ē, ī, ō, ū. Kitabu kisicho na vistari kinamwacha mtoto akanyage kama alivyozoea, na hapo ndipo tunapata domínus na et cum spirítu tuo.

Mtu ataniambia matamshi ni mapambo tu. Haya, chukua docēre, kufundisha, na dūcere, kuongoza. Bila vistari yanafanana mwisho wake kama mapacha, kumbe ni makundi mawili tofauti ya vitenzi: atafundisha ni docēbit, ataongoza ni dūcet. Mtoto aliyejifunza bila kistari atabuni ducebit na hutajua kosa limetoka wapi. Puella ndiye msichana anayetenda. Puellā ni hali nyingine kabisa, yaani umbo la nomino lenye kazi nyingine katika sentensi. Venit anakuja, vēnit alikuja. Kistari kimoja, wakati umebadilika.

Vitabu vya misa vinafanya kazi hiyo kwa alama nyingine: juu ya neno refu huweka alama ya mkazo, Dóminus vobíscum. Ukipata misale kuukuu kwa katekista au kwa padre, itunze, ni msaada mkubwa wa kusoma kwa sauti. Lakini si kitabu cha kufundishia, haina mazoezi wala maelezo.

Sasa orodha yangu, na nisijifanye sina upande.

Namba moja, kwa mbali, ni Lingua Latina per se Illustrata, sehemu ya kwanza iitwayo Familia Romana, ya Mdenmark Hans Ørberg. Toleo lake la mwanzo lilitoka mwaka 1955. Kitabu chote ni Kilatini, kuanzia sentensi ya kwanza mpaka sura ya 35, na vistari vimewekwa kila vinapostahili. Wazazi wengi wanakiogopa kwa sababu hiyo ya kuwa Kilatini kitupu. Mimi nakipendea hapohapo. Vitabu vingine vyote nitakavyovitaja vimeandikwa kwa mtoto anayeongea Kiingereza nyumbani. Vinatumia kurasa kumweleza kwamba a isomwe hivi na e isomwe vile, jambo ambalo mtoto wa Ipuli au Cheyo hapa Tabora amelijua tangu anaanza kuongea. Kisha vinambembeleza akubali kwamba kivumishi kinabadilika kufuata nomino. Huyu wetu anasema kiti kizuri, viti vizuri, miti mizuri kila siku. Bonus, bona, bonum haitamnyima usingizi. Kwa Ørberg anaingia moja kwa moja bila kupitia lugha ya tatu.

Sura ya kwanza ni ramani: Roma iko Italia, Italia iko Ulaya, Nile ni mto, uko Afrika. Picha na alama ndogo pembeni mwa ukurasa zinaeleza neno jipya linapotokea. Sura ya tatu Iulia anaimba, kaka yake Marcus anakereka na kumpiga, Quintus naye anampiga Marcus, kilio nyumba nzima, mama anakuja, baba anakuja. Hakuna mtoto mwenye ndugu asiyeielewa sura hiyo hata akikosa nusu ya maneno. Mwisho wa kila sura kuna sehemu ya sarufi na mazoezi ya aina tatu, Pensum A, B na C. Pensum A ndiyo ya kuishikilia: mtoto anajaza miisho ya maneno, na ukimwambia aijaze pamoja na vistari utaona mara moja kama kaelewa au anabahatisha. Na mbele huko, sura ya 28, watu wakiwa chomboni baharini, zimo habari kutoka Injili ya Mathayo. Mtoto wa katekisimu anazitambua, anatabasamu.

Kasoro zake? Kuanzia kama sura ya kumi mwendo unakuwa mkali, na mtoto wa miaka tisa atachoka. Rudieni sura za nyuma bila aibu. Majibu ya mazoezi hayamo, ni kijitabu cha peke yake, kiagize siku hiyohiyo. Kuna watumwa katika hadithi na kuna viboko. Keti na mtoto mzungumze. Sauti zilizorekodiwa na mwandishi mwenyewe ni za matamshi ya kale, yale yanayosoma Cicero kama Kikero na caelum (mbingu) kama kailum, wakati kanisani sisi tunasema chelum. Msihangaike. Mkazo ni uleule kwa namna zote mbili, kwa hiyo soma kikanisa ukifuata vistari vilevile.

Namba mbili ni First Form Latin ya Memoria Press ya Marekani. Hiki kimetungwa kwa mzazi asiyejua neno la Kilatini, na kinamshika mkono: leo fundisha jedwali hili, kesho msikilize akilikariri. Matamshi yake ni ya kikanisa na yamerekodiwa, kwa hiyo mtoto anasikia mkazo uko wapi kabla hajazoea vibaya. Kwa mama anayepika, anafua na kufundisha hesabu asubuhi hiyohiyo, huo ni msaada wa kweli. Ila maelezo yote ni Kiingereza, na vipande ni vingi: kitabu cha mwanafunzi, cha mazoezi, cha mwalimu, majibu, mitihani, kadi, sauti, video. Ukinunua kupitia mtu, andika orodha ya vipande kabla hujatoa hela. Mtu mmoja atakuletea kitabu cha mazoezi peke yake akuambie hiyo ndiyo seti. Video chukua za mtandaoni, maana kompyuta nyingi za sasa hazina hata mahali pa kuingiza diski.

Namba tatu ni Cambridge Latin Course, ya Uingereza. Vistari vipo. Hadithi ni ya Caecilius, mwenye benki wa Pompeii, na mkewe Metella, mtoto wao Quintus, mpishi Grumio na mbwa Cerberus. Kitabu cha kwanza kinaishia na mlima Vesuvius kulipuka mwaka 79, na Caecilius anakufa. Watoto wanalia kwelikweli. Hadithi zake zinasomeka bure mtandaoni, ukibonyeza neno unapata maana, jambo jema kwa mwenye bando. Kinachonikera ni sarufi kuja kwa kuchelewa, vipande vipande. Mzazi anayetaka jedwali zima ukurasa mmoja atalitafuta sana. Kwa anayelenga seminari nakiona kinazunguka mno.

Namba nne ni Henle, kazi ya padre Mjesuiti Robert Henle, tangu mwaka 1945. Vistari vipo, sala zipo, Bikira Maria yumo, na sentensi zisizo na idadi kuhusu majeshi, mapanga na Wagallia, kwa sababu lengo ni kumfikisha mwanafunzi kwenye maandishi ya Kaisari, jemadari wa Roma aliyepigana nao. Kiliandikwa kwa vijana wa sekondari. Mtoto wa darasa la saba aliyetulia ataweza, wa la tano mwache. Kitabu cha sarufi na cha majibu vinauzwa mbalimbali.

Minimus, wa yule panya anayeishi na familia ya Kirumi pale Vindolanda, ni wa wadogo wa miaka saba hadi kumi. Ni katuni, anachekesha. Chukua kama mna mdogo anayesumbua wenzake wakisoma.

Usichanganye vitabu viwili vya nchi tofauti. Majedwali ya nomino ya Kimarekani huweka hali ya umilikishi mara baada ya hali ya kiima, ya Uingereza hutanguliza ile ya mtendwa. Mtoto aliyekariri kwa wimbo wa huku akihamishiwa wa kule anavurugika wiki nzima, na utadhani amekuwa mvivu.

Vya bei rahisi: Duolingo, programu ya simu, ina Kilatini, ni bure, ni kifupi, hakina vistari. Basi.

Fotokopi ndiyo naitaka kwa maneno mengi zaidi, maana ndipo mama wa Kigoma alipoumizwa. Familia Romana ina kurasa zaidi ya 300. Kwa shilingi 100 ukurasa, steshenari yoyote itakutoza zaidi ya 30,000, na hujaweka kamba ya pembeni. Watu wanaona wameokoa. Lakini nakala ya nakala ya faili lililopigwa picha kwa simu inakula kitu kimoja kabla ya vingine vyote, kile kistari chembamba juu ya irabu. Nimeletewa moja nikaishika dirishani: ē nusu zimekuwa e, na nyingine zimepata doa linalofanana na kistari mahali ambapo hakipo. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Mtoto anakariri uchafu wa mashine akiamini ni Kilatini.

Na wauzaji wenyewe! Picha ya kitabu imewekwa, bei haipo. Ukiuliza: "njoo inbox dada." Inbox unaambiwa ni orijino kabisa, wamebaki wawili tu, tuma na ya kutolea. Ukishatuma, mzigo umekwama bandarini, ongeza kidogo. Ukishaongeza, nauli ya basi mpaka Tabora ni juu yako, na ofisi ya basi nayo ina chake. Kifurushi kikifika unakuta karatasi zilizobanwa kwa pini, jalada la rangi limechapwa juu yake. Hakuna wa kumlalamikia, namba imezimwa. Na haya yanatokea katika mji ambao una seminari ya Kipalapala, ambako vizazi vya mapadre vimesoma Kilatini hapahapa chini ya miembe yetu! Uliza kwanza huko, uliza parokiani, uliza mseminari aliye likizo. Mara nyingi kuna kitabu halisi kimelala kabatini, na mwenyewe yuko tayari kukuuzia au kukuazima.

Kama lazima ununue kwa mtu wa mtandaoni, mwambie akupigie picha ya ukurasa wowote wa katikati, kwa karibu, kwenye mwanga. Kuza picha. Tafuta neno lenye -āre au -ēre. Kistari kikionekana kimenyooka na kimekaa juu ya irabu yake, endeleeni na mazungumzo ya bei. Akikutumia jalada tena, mshukuru, mwambie utarudi, na usirudi.