Umeme wa biashara Kisumu: tukadirie kwa mita au kwa mashine?

Njia ya kwanza ni rahisi: chukua rekodi za mita za miaka iliyopita, chora mstari, uurefushe mbele. Maduka ya barabara ya Oginga Odinga inayatosha. Lakini mwaka 2020, corona ilipofunga baa na kumaliza wageni hotelini, mstari huo ulipotea njia.

Ya pili ni kuhesabu vyombo vyenyewe: mashine za barafu ya samaki, viyoyozi, mashine za kusaga unga, kilowati za kila kimoja mara saa kinazowaka. Inachosha, na wenye biashara huulizana kama umetumwa na watu wa kodi. Ila ndiyo inayoeleza kwa nini mita inashuka paneli za sola zinapopanda paani. Kwa makadirio ya mwaka mmoja, mita. Ya miaka 10, ningetembea duka kwa duka.